Mkono kwenye Mlango wa Kirikuu

Mama mkwe wangu mpendwa,

Mlango wa kushoto wa kirikuu, kigari chetu cha mizigo, umeoza. Kauli hiyo ameitoa mwanao Dadi leo asubuhi, hapa Likombe, ndani ya gereji ya nyumba yako, baada ya kuligonga bati kwa ncha ya bisibisi na bisibisi kutokea upande wa pili. "Shemeji, hapa hakuna bati tena," amesema. "Ni rangi tu imesimama kwa mazoea." Nilimwomba arudie, maana kazi yangu ni uandishi wa habari. Akarudia, kisha akaongeza jambo ambalo sikulitegemea: kutu haikuanzia chini ya mlango, kama ilivyo kwa magari mengi yanayotumia njia ya Msimbati yenye mchanga na chumvi. Imeanzia katikati, palepale ulipoacha alama ya mkono wako.

Tukaung'oa mlango kwenye bawaba, tukautoa nje, tukauinua kuelekea jua, Dadi upande mmoja na mimi upande wa bawaba. Kadibodi ya ndani ilishabanduka zamani, kwa hiyo hakuna kilichozuia. Mwanga ulipita kwenye vidole. Haukupita kwenye matundu ya hovyohovyo. Ulipita kwenye vidole, kimoja kimoja, mpaka kile cha mwisho kilichopinda. Mimi nimeuona Ruvuma ukifurika mpaka mashamba ya mpunga yasijulikane yalipo, na nikaendelea kuuliza maswali na kuandika. Leo nilishika mlango tu.

Wewe unajua tulivyoishi. Lakini barua hii itasomwa na watu wasiotujua, kwa hiyo naeleza.

Nilimwoa binti yako Somoe, nikahamia kwenu, kama desturi yenu Wamakonde inavyotaka: mume ndiye anayefuata. Nilitoka Masasi na begi la nguo na redio. Nyumba ilikuwa yako, ua ulikuwa wako, na mimi nilikuwa mkwe. Mkwe hatazamani na mama mkwe wake. Tukikutana njiani, mmoja wetu alipinda. Nilipokula, hukuonekana. Ulipokaa kibarazani, mimi nilipita nyuma ya nyumba, hata kama nyuma kulikuwa na matope. Hatukupeana mkono siku ya harusi, wala sikukuu ya Idi, wala siku alipozaliwa mjukuu wako Nuru. Wageni waliotoka Dar es Salaam walidhani tumegombana, wakaanza kutupatanisha. Ilikuwa heshima, na sijapata kumjua mtu aliyeishika vizuri kuliko wewe.

Hata hivyo hukuwa bubu. Ulizungumza nami kupitia mtu wa tatu, na mtu wa tatu akikosekana ulizungumza na hewa.

"Mwambieni Baba Nuru viatu vyake vinanyeshewa," ulisema, nami nikiwa upande wa pili wa uzio wa makuti, kiatu kimoja tayari mkononi.

"Mwambieni Mama nimeviona," nikajibu.

Somoe, aliyekuwa katikati akichambua kisamvu, hakufungua hata kinywa. Baadaye alimwambia jirani yetu: "Mimi hapa ni posta, ila barua zinajipeleka zenyewe."

Ulipotaka nisikie, ulisema Kiswahili. Ulipotaka nisisikie, ulisema Kimakonde cha kwenu, ng'ambo ya Ruvuma, ulikozaliwa kabla wazazi wako hawajavuka. Nikisikia Kimakonde kinamalizikia kwenye kicheko, nilijua habari ilikuwa ni mimi.

Ndipo kirikuu kikaja. Somoe alikuwa amechoka kukodi kila alipotaka kuleta mihogo kutoka kijijini Ziwani na samaki kutoka Msimbati, tukanunua hicho kigari kidogo cha mizigo kilichokwishatumika. Kilikuwa cheupe, rangi imebabuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Hatukuwa na nia ya kukipaka. Amri ilitoka kwako, kutoka jikoni.

"Mwambieni Baba Nuru, gari jeupe litambeba nani? Hapa hakuna anayekufa. Wapake buluu."

Nikasema, kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba ukibadili rangi ya gari lazima ukabadilishe na maandishi kwenye kadi yake.

"Mwambieni ndiyo maana tumeozesha binti kwa mwandishi."

Dadi alikuwa ametoka kujifunza kazi ya rangi kwa fundi wa mjini na alikuwa anatafuta gari la kujionyeshea. Mahali tulikuwa napo. Gereji hii aliijenga marehemu mumeo kwa ajili ya gari ambalo hakuwahi kulipata, na tangu hapo ilikaliwa na magunia ya korosho na makopa ya mihogo. Tulitoa vyote. Tukafagia, tukamwaga maji sakafuni kulaza vumbi, tukatundika nailoni ukutani na darini. Vioo vya gari tulivifunika kwa magazeti, na kwa kuwa magazeti ya nyumba hii yote ni yale niliyoandikia, kioo cha mbele kilijaa habari zangu za miaka mingi, zimebandikwa kichwa chini.

Ulipita nje ukichungulia, mimi nikiwa nimeinama nyuma ya tairi. Nikakusikia: "Mwambieni leo gazeti lake limepata kazi ya maana."

Dadi alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo ni mama yangu, Myao wewe. Utafanya nini?"

Sikufanya kitu. Nilisugua. Sehemu kubwa ya kupaka gari rangi ni kusugua, na hilo sikulijua. Tulisugua kwa msasa na maji, tukaziba mabonde, tukasugua tena, tukapaka ile rangi ya chini ya kijivu, tukasugua na hiyo. Dadi hakuyaamini macho yake. Alifunga kitambaa laini kiganjani, akapapasa bati taratibu, na kila mara alipata kilima ambacho mimi sikukiona. "Jicho linasamehe," alisema. "Rangi haisamehi."

Siku ya kupuliza rangi yenyewe, alilifuta gari zima kwa tina, ile dawa ya kulainishia rangi, akatangaza kwa nyumba nzima: "Sasa hata malaika asiguse!" Kisha tukaenda kuswali adhuhuri. Tulipotoka msikitini tukapitia kwa rafiki yake kuazima kompresa, mashine ya upepo wa kupulizia rangi. Wewe tulikuacha kibarazani, kwenye kazi yako ya kila mwaka baada ya mavuno: kubangua korosho. Mbele yako jiwe, mkononi kipande cha mti, pembeni jivu la kupaka vidoleni, maana ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi na kung'ang'ania. Kila mtu wa Mtwara anayajua mafuta hayo. Unanawa kwa sabuni, unanawa kwa ndimu, na bado yapo.

Tuliporudi hukuwapo kibarazani. Sikulitilia maanani. Hukuwapo mara nyingi nilipotokea. Ndiyo yalikuwa maisha yetu.

Dadi akafunga kitambaa puani, akawasha kompresa, akaanza na upande wa kulia. Nimejaribu kuieleza kazi ile kwa watu na sijafaulu. Rangi inatoka kama ukungu usio na uzito, unadhani itapotea hewani, kisha inatua na kuwa maji, na maji yanajivuta yenyewe, yanalala, yanang'aa. Kijivu kilichotuchosha kwa siku nyingi kiliondoka bila sauti. Kwenye buluu ile mbichi niliiona dari, niliona nailoni, nikajiona mwenyewe nimesimama mdomo wazi. Dadi alitembea kinyumenyume, mkono ukienda sawasawa. Nilisahau kuwa ni shemeji yangu anayeazima viatu bila kuomba.

Akafika mlango wa kushoto. Akapuliza mara moja, akapita. Akageuka kutazama, akazima mashine.

"Shemeji. Rangi inakimbia."

Ilikuwa inakimbia kweli. Katikati ya mlango buluu ilikuwa inajitenga, inafanya vishimo vidogo kama macho ya samaki, na vishimo vinaungana, na kijivu cha chini kinarudi. Tulidhani ni doa. Kisha doa likapata kiganja. Kisha kikatoka kidole gumba, vikafuata vingine, vikinyooka polepole mbele yetu huku rangi ikijivuta pembeni kama inayompisha mtu. Cha mwisho kabisa kilitokea kidole kidogo, na kilikuwa kimepinda kwenda nje.

Sikukitambua kidole hicho. Nisingeweza; nilikuwa sijawahi kuutazama mkono wako. Dadi alimwita Somoe. Somoe akaja, akatazama, akaziba mdomo kwa pembe ya kanga.

"Huyu ni Mama," alisema.

Maelezo yake ni mafupi. Mafuta ya ganda la korosho yalibaki kiganjani mwako, yakahamia kwenye bati lililokwisha safishwa, na rangi haishiki penye mafuta. Dadi alieleza hivyo papo hapo, na mafundi niliowauliza baadaye wamesema vivyo hivyo. Naiandika sababu hiyo kwa sababu ni ya kweli. Ila nilikuwapo, nikaona mkono ukitokea ndani ya rangi mbichi, mwenye mkono akiwa hayupo gerejini, na sababu haikuupunguza hata kidogo.

Ndipo sauti yako ikaja kutoka nyuma ya ukuta.

"Mwambieni ni mbuzi."

"Mama!" Dadi akapaza sauti. "Mbuzi wa vidole vitano?"

"Mwambieni ndio mbuzi wa siku hizi."

Dadi alitaka kuacha ikauke, asugue mlango, apulize upya. Kazi yake ya kwanza ya kujivunia ilikuwa imeharibika, na alikuwa na haki. Mimi nikasema uachwe. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepandwa na homa. Sikumweleza, kwa sababu wakati ule sikuweza kuyaweka maneno sawa. Naweza leo.

Ili uguse mlango ule ilibidi ungoje niondoke. Ilibidi uingie mahali nilipokuwa nimeshinda siku nyingi, usimame niliposimama, uitazame kazi ya mikono yangu kwa karibu kuliko ulivyowahi kunikaribia mwenyewe. Na hukugusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu kama pamekauka. Uliweka kiganja chote ukakandamiza. Huo ndio ushahidi, na unaishia hapo. Kama ulikuwa unaomba dua, au unasifu, au ulitafuta tu ubaridi wa bati kwa mkono uliounguzwa na korosho, sijui. Sikuuliza. Hilo halikuwa swali la kumtuma mtu.

Kirikuu kikaingia barabarani na mkono wako ubavuni. Sokoni wakakiita Mkono. "Mkono amefika!" walisema wachuuzi, na Somoe akapunguza mwendo. Kule Msimbati watoto walipanga foleni kupimisha viganja vyao. Nuru aliupima kila mwaka mpaka ukamtosha. Mimi sikuugusa. Nilikiosha kirikuu mara nyingi, na pale katikati ya mlango wa kushoto nilimwaga maji tu kwa kopo. Watu walidhani ni uvivu. Nilikuwa nafuata ukwe.

Ulipofariki, tulikupeleka Ziwani ukalazwe karibu na mumeo, na kirikuu ndicho kilichokubeba, buluu yake ikiwa imeanza kufifia. Ndugu zangu wa Masasi, ambao ni watani wenu, walikuja mapema kuliko wote. Pale njia inapoingia shambani wakalala chini mbele ya gari, wazee na vijana, nguo zao nzuri zikiwa vumbini.

"Hapiti mtu!" alipiga kelele baba yangu mdogo. "Mwambieni Mama Somoe ateremke atuombe njia mwenyewe! Leo asitume mtu!"

Waombolezaji walicheka na machozi yakiwa yanatoka. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, sikuweza kucheka wala kulia. Utani huwa unajua mahali pa kuchoma.

Kaburini, Dadi alishuka kwanza, akamtafuta mtu wa pili kwa macho. Akaniita. Nikasita, na wote waliokuwapo walielewa kwa nini. Shekhe akasema kwamba kwa dini mkwe ni mahramu wa mama mkwe wake, na hakuna kizuizi. Mzee mmoja wa upande wenu akasema, "Basi mila ipishe kidogo, kisha irudi." Nikashuka. Nilikupokea upande wa miguu, juu ya sanda. Ulikuwa mwepesi kuliko sauti yako. Hilo ndilo nililolikumbuka nilipopanda juu, na ndilo ninalolikumbuka mpaka sasa.

Narudi kwenye mlango. Baada ya kuinua ule mlango juani leo, tulikaa kibarazani, Somoe, Dadi na mimi. Sababu ya kutu sasa inafahamika: pale rangi ilipokataa, bati lilibaki na koti jembamba, na hewa ya chumvi ikapita hapohapo. Kutu imefuata mkono wako kwa uaminifu mkubwa, bila kutoka nje ya mstari. Dadi anasema ikiachwa, mvua za mwaka huu zitaunganisha vidole na litabaki tundu moja.

Dadi alipendekeza tukate kipande hicho, tukifanyie fremu, tukitundike sebuleni.

"Sebuleni ndiko Baba Nuru anakokula," Somoe alisema. "Mama amtazame akila?"

"Lakini ni mkono tu, dada."

"Ni wa nani?"

Nikasema labda tuuache ulivyo, tuendeshe hivyohivyo mpaka uishe wenyewe. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka mtu mwingine aniambie hapana. Somoe akaniambia.

"Unataka kumwangalia akiliwa kidogo kidogo? Mama alipougua, alikuzuia usiingie chumbani asije akaonekana amechakaa. Ukampa heshima hiyo. Mpe na hii." Kisha akasema jambo ambalo tangu asubuhi nimekuwa nikiligeuza. "Ule mkono hakuniwekea mimi wala Dadi. Sisi tulimshika tulivyotaka. Wewe ndiye uliyekuwa huna nafasi hiyo. Kwa hiyo wewe ndiye utakayesema ukatwe."

Nuru alipita na ndoo, akatuamkia, akaendelea na njia yake. Nikasema ukatwe.

Sijui kama nimesema sawa. Najua kwamba nimekaa na mkono wako miaka yote hii kama mtu aliyekabidhiwa kitu bila kuambiwa ni cha nani. Nakiri pia kwamba bado unanishangaza. Katika kazi yangu mambo hueleweka yakikaa muda. Hili limekaa, na kila nikilitazama linakuwa kubwa zaidi. Mwanamke aliyeshika mwiko wa kutonigusa mpaka pumzi ya mwisho aliacha kiganja kizima kwenye kitu nilichokuwa nakitengeneza, na mbele ya watu akasema ni mbuzi. Ningelipata kwa mtu mwingine nisingeliamini bila shahidi wa pili.

Kipande kitakachotoka atakichukua Somoe. Hajaniambia atakiweka wapi na sijamuuliza, na wenzangu wa kazini wakilisikia hilo watadhani naumwa.

Kazi itafanyika Jumamosi, saa mbili asubuhi, kabla jua halijapasha bati. Bati jipya limekwisha patikana, na buluu imechanganywa mjini, iko kwenye kopo chini ya ngazi. Dadi anasema akikata peke yake bati litapinda na kupasuka. Lazima mtu aweke kiganja bapa katikati na kukandamiza mpaka msumeno umalize kuzunguka. Somoe amekataa. Nimemwambia Dadi nitashika mimi.

Nakutakia mapumziko mema, Mama. Safari hii sijamtuma mtu.

Mkweo,
Baba Nuru